Ahera ipi ina nafuu? Tuzipime kwa fizikia kabla hatujahamia

Mtu akienda kupanga chumba anauliza maswali mpaka mwenye nyumba anachoka, maji yapo, umeme mnachangia wangapi, jirani ana kelele, jua la saa tisa linapiga upande gani. Mtu huyohuyo anaambiwa kuna sehemu atakaa milele, sio mkataba wa miezi sita, milele, na haulizi hata joto ni nyuzi ngapi. Hili jambo limenisumbua muda mrefu, mwisho nikachukua kalamu na kikokotoo nikaanza kuzipanga ahera zote ninazozijua kama mtu anayelinganisha simu, hii ina hiki, ile haina.

Niseme mapema tusije tukagombana. Sijadili ipi ni ya kweli, hiyo kazi ina wenyewe, na aliyekwenda hajarudi kutupa mrejesho. Ninachofanya mi nachukua maelezo kama yalivyo, nayaamini yote kwa dakika kumi, halafu nayapitisha kwenye fizikia ya sekondari tuone yanatokea upande wa pili na sura gani. Kama unaona ni mafumbo na hayakuletwa yapimwe kwa rula, uko sahihi kabisa, ila basi hutacheka.

Unahama na mzigo kiasi gani

Mwaka 1907 daktari mmoja Mmarekani, Duncan MacDougall, alichapisha majibu ya jaribio lake la kupima roho. Aliweka kitanda juu ya mizani, akalaza wagonjwa mahututi sita kwa nyakati tofauti, akakaa pembeni kusubiri. Mmoja wao alipokata roho uzito ukapungua gramu 21, na hiyo namba watu wanaikariri mpaka leo. Wale watano wengine majibu yao hayakuelewana, wawili akawatoa kabisa kwenye hesabu, hawa hatusimuliwi. Kisha akapima mbwa 15, hakuna hata mmoja aliyepungua, akahitimisha kwamba mbwa hawana roho. Mi nimehitimisha kwamba mizani haikuwa na roho ya kazi.

Lakini haya, tuseme gramu 21 ni kweli. Watu wanapenda sana kusema roho ni nishati na nishati haipotei, inasikika vizuri mpaka uipige hesabu. Kwa fomula ya Einstein unachukua uzito unazidisha na kasi ya mwanga kipeo cha pili, gramu 21 zinatoa karibu jouli trilioni 1,900. Bomu la Hiroshima lilitoa kama trilioni 63. Maana yake kila bibi anayefariki kwa amani kitandani kwake angelipuka kama mabomu 30 ya Hiroshima, na duniani wanakufa karibu watu wawili kila sekunde. Bado tupo hapa tunasomana, kwa hiyo ama roho haina uzito ama haigeuki nishati ya namna hiyo. Mi nachukua haina uzito. Mzigo sifuri, nauli ya mizigo hakuna, twende mbele.

Joto, hapa ndo kwenye kesi

Jehanamu ya Kikristo ndo imeachiwa kipimo kizuri kuliko zote. Ufunuo 21:8 inataja ziwa liwakalo moto na kiberiti. Nilipokuwa mdogo niliamini ni ziwa la njiti za kiberiti, njiti mamilioni, na nilichokuwa najiuliza ni nani anazipanga. Kumbe kiberiti cha Biblia ni salfa, ile ya njano, na hapo mambo yanakuwa matamu kwa sababu salfa tunaijua nje ndani.

Salfa inayeyuka kwenye nyuzi 115 na inachemka kwenye 445. Sasa likiitwa ziwa basi ni kimiminika, na likiwa kimiminika joto lake liko kati ya hizo namba mbili, likizidi hapo umebaki na mvuke. Mtu mbishi atasema ukiongeza kanieneo, kama sufuria uliyoifunika ukaiwekea jiwe juu, kitu kinachelewa kuchemka. Kweli. Ila hata ukandamize vipi, salfa ikipita kama nyuzi 1,040 haikubali tena kuwa kimiminika, kwa hiyo hiyo ndo dari ya jehanamu, chini kidogo ya joto la kuyeyusha dhahabu ambalo ni 1,064. Kama una pete ya dhahabu utabaki nayo.

Kuna habari nyingine nzuri. Salfa iliyoyeyuka ni nzito karibu mara 1.8 kuliko maji, na mwili wa binadamu unakaribiana na maji, kwa hiyo huwezi kuzama hata ukitaka. Unaelea kama kizibo, zaidi kidogo ya nusu yako ndani, iliyobaki juu inapigwa upepo. Zile picha za watu wanazama huku wamenyoosha mikono tuziweke kando. Ila angalia sehemu ya kuogelea, maana salfa ina tabia ya ajabu, mpaka nyuzi 159 inatiririka vizuri tu halafu ikipita hapo inageuka nzito kama gundi na rangi inakuwa nyekundu iliyoiva, ukinasa umenasa. Na miale yake ni ya buluu. Kule Indonesia kwenye volkano ya Kawah Ijen salfa inawaka buluu usiku na watu wanapanda mlima gizani kwenda kuitazama, wanalipa kiingilio na kupiga picha, yaani jehanamu ina watalii tayari.

Tugeukie mbinguni. Isaya 30:26 anasema nuru ya mwezi itakuwa kama ya jua, na ya jua itakuwa mara saba, kama nuru ya siku saba. Mwaka 1972 jarida la Applied Optics lilichapa kimzaha hesabu ya mtu asiyejitaja, akasoma saba mara saba ikawa 49, akaongeza moja ya mwezi, 50. Kuna sheria ya Stefan na Boltzmann inayosema mionzi inapanda kwa kipeo cha nne cha joto, ukiirudisha nyuma mbinguni inakuwa nyuzi 525. Jehanamu, kwa kanieneo ya kawaida, haiwezi kuzidi 445. Kwa hiyo mbinguni kuna joto kuliko motoni, watu wakacheka, kesi ikafungwa.

Mi nimeifungua tena kwa sababu yule bwana alizidisha mara mbili. "Mara saba" na "kama nuru ya siku saba" ni kitu kimoja kimesemwa kwa njia mbili, mashairi ya Kiebrania yanafanya hivyo kila mahali. Chukua saba, ongeza moja ya mwezi, nane. Kipeuo cha nne cha nane ni 1.68, zidisha kelvini 300 za dunia yetu (kelvini ni nyuzi za kawaida ukiongeza 273), toa 273, unapata nyuzi 231 hivi. Oveni ya mkate. Kwa hiyo mbinguni 231, jehanamu popote kati ya 115 na 445, zinaingiliana, na kinadharia mtu aliyekaa ufukweni mwa ziwa kwenye nyuzi 120 ana nafuu kuliko mwenzake aliyeko kwaya. Najua wanateolojia watasema Isaya hakuwa anaongelea mbinguni hapo. Najua.

Upande wa Kiislamu hadithi inasema moto wetu huu wa duniani ni sehemu moja katika sehemu 70 za moto wa Jahanamu. Mwanafizikia atauliza 70 za nini. Kama ni za joto lenyewe, moto wa kuni wa nyuzi 1,100 ukibadilisha kuwa kelvini ukazidisha 70 unapata kama 96,000, wakati uso wa jua ni nyuzi 5,500 tu. Kama ni za mionzi basi tunachukua kipeuo cha nne cha 70 ambacho ni karibu 2.9, unapata kama nyuzi 3,700, na hapo hata tungsteni, metali sugu kuliko zote kwa moto, imeshakuwa uji. Kwa hesabu yoyote utakayotumia hapa hakuna ufukwe, hakuna kuelea, hakuna kona ya baridi. Hii usiende. Sina la kuongeza.

Ila Pepo yake imeniteka. Surat Al-Insan aya ya 13 inasema humo hawataona jua wala zamhariri, yaani baridi kali, na katika ahera zote nilizopitia hii ndo pekee iliyotoa taarifa ya hali ya hewa pande zote mbili, wengine wote wanataja joto tu wanakuachia baridi uigundue mwenyewe. Halafu kuna hadithi ya mti wa Peponi ambao mpanda farasi anakwenda kivulini mwake miaka 100 asikimalize. Farasi wa kilomita 40 kwa siku, mwendo wa kawaida tu, miaka 100 hata ukihesabu ya mwezi mwandamo inatoka zaidi ya kilomita milioni 1.41. Kipenyo cha jua ni milioni 1.39. Umeona hapo? Kivuli ni kikubwa kuliko jua. Yaani hata jua lenyewe likichoka na joto lake linaweza kuja likakaa lote chini ya mti na nafasi ikabaki. Kwenye safu ya joto Pepo inachukua alama zote.

Nafasi na chakula

Watu waliowahi kuzaliwa tangu binadamu aanze wanakadiriwa kufika bilioni 117. Hapo swali la foleni linakuwa la kweli kabisa.

Yerusalemu mpya ya Ufunuo ni mchemraba, urefu na upana na kwenda juu kwake ni sawa, stadio 12,000 kila upande, karibu kilomita 2,200. Ukigawanya kwa watu wote 117 bilioni, wema na wabaya bila ubaguzi, kila mmoja anapata chumba cha mita 450 kwa 450 kwa 450. Jengo la Empire State, lile ghorofa refu la New York, na mlingoti wake linasimama sebuleni kwako. Nani aliyesema mbinguni kutajaa? Shida ni kwenda juu. Kilomita 2,200 ni mbali mno, kituo cha kimataifa cha anga za juu kinazunguka kwenye 400 hivi, kwa hiyo kitakuwa kinapita mle ndani kwenye ghorofa za chini kila dakika 90, na juu ya kilomita 8 hewa haimtoshi mtu. Sehemu yenye hewa ya kuvuta ni chini ya nusu ya asilimia moja ya jengo lote. Ushauri wangu omba chumba cha chini mapema.

Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa wa wale Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, ni tofauti. Ina milango 540, kila mmoja wanatoka wapiganaji 800 bega kwa bega, jumla 432,000. Huu ni mji wa kati tu, na kuingia mpaka ufe vitani, kwa hiyo msongamano hamna. Ratiba ni kupigana kutwa nzima, kukatana viungo, jioni wote mnapona mnakaa mezani. Nyama inatoka kwa nguruwe mmoja, Sæhrímnir, anapikwa kila siku na kesho yake yupo mzima. Sasa wanaume waliopigana kutwa huwezi kuwapa chini ya nusu kilo. Nusu kilo mara 432,000 ni tani 216 za nyama tupu, bado mifupa. Nyangumi wa buluu aliyeshiba anafika tani 150 hivi. Yaani hawa watu wana nguruwe anayemzidi nyangumi, anazaliwa upya kila asubuhi bila kula chochote kinachoelezeka, sheria ya uhifadhi wa nishati imechinjwa pamoja naye. Kinywaji kinatoka kwenye chuchu za mbuzi mmoja anaitwa Heidrun, hata kwa robo lita kila mtu ni lita 108,000 kwa siku. Anayemkamua ndo nampa pole, waliokufa vitani wana afadhali.

Jehanamu ya Dante, mshairi wa Italia, chini kabisa ni barafu sio moto, hilo wengi hawalijui. Na imewahi kupimwa na mtu mkubwa. Mwaka 1588 Galileo, kijana wa miaka 24, alitoa mihadhara miwili Florence kuhusu ukubwa na umbo la hiyo jehanamu, akasema paa lake litasimama kwa kulilinganisha na kuba la kanisa kuu la mji huo. Miaka 50 baadaye, kwenye kitabu chake cha 1638, akaeleza kwamba ukikuza kitu kwa vipimo vilevile uzito unakua haraka kuliko nguvu ya kuubeba na kinavunjika chenyewe. Kwa sheria yake mwenyewe lile paa limeshaanguka. Wapangaji wahame.

Mapokezi

Kwa Wagiriki unavushwa mto na mzee Charon kwa sarafu moja, oboli, fedha ya kama gramu 0.7. Kwa vifo vya siku hizi mzee anaingiza zaidi ya kilo 110 za fedha kwa siku, hii ni biashara. Ila kwenda na kurudi hata akitumia dakika 20 tu, anakuta watu 2,400 wapya wanamsubiri na yeye ana mtumbwi. Usitegemee.

Misri ya kale wanaweka moyo wako kwenye mizani upande mmoja, upande wa pili unyoya wa Maat, mungu wao wa kike wa ukweli na haki. Moyo wa binadamu una gramu 300 hivi na unyoya, hata uwe wa mbuni, una gramu chache, kwa hiyo kwa mizani ya dukani hakuna aliyewahi kufaulu, wote tumeliwa na Ammit, yule mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko. Kinachonifurahisha ni kwamba Wamisri wenyewe hawakuuamini mtihani. Walikuwa wanamzika maiti na hirizi ya mbawakawa juu ya moyo, imeandikwa maneno ya kuuomba moyo usitoe ushahidi dhidi ya mwenyewe. Yaani ustaarabu uliojenga piramidi, ukifika siku ya hukumu, unamnong'oneza shahidi. Naipenda hii kuliko zote kwa sababu ni ya kweli kibinadamu, ila kwa vigezo vya ulinganisho huu imefeli, mizani haijakaguliwa.

Kurudi tena

Kuzaliwa upya, kwa Wahindu na Wabudha, kunasifiwa kwamba hakupotezi kitu, na kwa mtazamo wa fizikia napenda mfumo unaotumia kilekile mara mbili. Pingamizi la kawaida ni idadi: mwanzoni mwa miaka ya 1800 tulikuwa bilioni moja, 2022 tukafika bilioni 8, hizo roho saba bilioni za ziada zimetoka wapi? Jibu lao ni rahisi, wanyama. Sawa, lakini jibu hilo lina mlango wa kutokea pia. Mchwa tuwaache, sisimizi peke yao utafiti wa 2022 uliwakadiria kufika 20 na sifuri 15 mbele. Ukifa ukachanganywa kwenye kapu moja la watu na sisimizi, nafasi ya kutoka mtu ni moja katika milioni mbili na nusu. Jiandae kubeba makombo.

Na hapo sayansi imekuwa mpole. Mafundisho ya Kibudha yana mfano wa kasa kipofu anayeibuka baharini mara moja kila miaka 100, na kuzaliwa mtu ni kama yule kasa kutokeza kichwa kwenye tundu la nira inayoelea huko. Nimeipiga. Bahari zina eneo la kilomita za mraba milioni 361, tundu tulipe sehemu ya kumi ya mita ya mraba, kasa anahitaji wastani wa miaka yenye tarakimu 18, ambayo ni kama mara milioni 26 ya umri wa ulimwengu wote. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ulivyo, umeshakula bahati yako yote. Hii niwashauri waliochoka kuwa watu, wana uhakika.

Kuna wanaochagua kutokufa vizuri, yaani kugandishwa. Wa kwanza ni James Bedford mwaka 1967 na bado yupo kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni ahera pekee yenye bili. Wengine wanataka ubongo uhamishiwe kwenye kompyuta. Mwaka 2024 watafiti walitoa ramani ya milimita moja ya ujazo ya ubongo wa mtu, ilikula petabaiti 1.4, yaani gigabaiti milioni 1.4, na ubongo mzima una milimita kama hizo zaidi ya milioni. Simu yako ikikwambia nafasi imejaa kwa sababu ya video za harusi, tulia kwanza.

Milele yenyewe

Sasa nilipofika hapa jedwali langu lilikuwa limependeza, joto, nafasi, chakula, foleni, nikaona nimemaliza. Halafu nikagundua kuna safu moja sikuijaza, ya muda, na nilipoijaza ikaharibu zingine zote.

Chukua karata 52 tu. Namna za kuzipanga zina tarakimu 68, haijawahi kutokea tangu karata ziwepo mtu akazichanganya vizuri zikatoka sawasawa na za mwingine, kwa namna tunavyoweza kuhesabu. Lakini milele ni kubwa kuliko tarakimu 68. Ukiwa mbinguni utacheza kila mchezo wa karata unaowezekana, wote, kisha utaucheza tena wote kwa mpangilio uleule, na ukimaliza mara trilioni utaangalia saa utakuta haijasogea, muda uliobaki ni uleule. Na ubongo wako nao ni karata. Neuroni, yaani seli za ubongo, bilioni 86 zina hali nyingi za kutisha ila zina mwisho, kwa hiyo kila wazo unaloweza kuliwaza utaliwaza, kila kichekesho utakisikia, kila wimbo, halafu duru la pili. Njia ya kukwepa ni mbili. Ama unasahau, na ukisahau kila kitu anayeendelea kuishi pale ni nani? Ama ubongo unakua bila kikomo, na baada ya muda yule aliyeingia amebaki punje ndani ya kitu kisichomkumbuka. Hii hesabu haijali kama nje ni nyuzi 22 au 3,700. Kuishi kwingi ni kuona mengi, wahenga walisema, ila mengi nayo yana idadi.

Ndo maana dau la Pascal, mwanafalsafa wa Ufaransa, halinisaidii pia. Alisema weka dau upande wa Mungu kwa sababu faida haina mwisho, na kitu kisicho na mwisho ukikizidisha na uwezekano mdogo bado hakina mwisho. Sawa, lakini mi nina ahera saba mezani na karibu zote zinaahidi kisicho na mwisho, nikizidisha zote zinatoka sawa, kikokotoo kinaandika kosa. Huwezi kulinganisha milele na milele.

Kwa hiyo nimebadilisha swali, natafuta yenye tarehe ya mwisho. Valhalla inayo, siku ya Ragnarok wote wanakwenda kupigana wanakufa kweli, hiyo nampa anayependa fujo. Kuzaliwa upya kunayo, ukifika nirvana umetoka, tatizo ni yule kasa. Kuisha moja kwa moja, kama alivyofundisha Epikuro, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwamba kifo kikiwepo wewe haupo, haivunji sheria yoyote ya fizikia, haina foleni, haina bili, atomi zako zinaendelea na kazi zingine, hiyo nampa mtu aliyechoka na mikutano. Mwenye hofu ya joto achukue Pepo na mti wake, nimeshasema ina alama zote, suala la muda tumwachie mwenye mti.

Mi nimeangukia kwa mizimu, na nimeshangaa mwenyewe. John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, mwaka 1969 aliandika kuhusu fikra za Kiafrika akitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Aliyekufa bado yuko kwenye Sasa maadamu yupo mtu hai anayemkumbuka kwa jina, anatajwa, anaulizwa, analalamikiwa. Baada ya vizazi vinne au vitano anayemjua akiisha, anazama Zamani, kule kusiko na majina. Tazama vigezo. Joto la kawaida. Nafasi haihitajiki. Nishati inatoka kwenye ubongo wa anayekumbuka, ambao unatumia wati kama 20, umeme wa taa moja ya kawaida, na alikuwa anautumia hata hivyo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Na ni ahera pekee unayoweza kuifanyia jaribio leo bila kufa, unachukua karatasi unaandika majina uone nani bado yupo.

Nikachukua karatasi. Wazazi wawili, babu na bibi wanne, hao nimewapata bila shida. Waliowazaa hao wanane, nikapata watatu, na mmoja nina wasiwasi ni jina la utani. Wa juu yao wanatakiwa 16, nikapata sifuri. Kumi na sita, mmoja akikosekana mi nisingekuwepo, na nimewazamisha wote Zamani kwa uvivu wa kutouliza. Ikabidi nimpigie shangazi, yule mkubwa, nikamwamkia, nikamwuliza habari za nyumbani, nikamwomba anitajie baba na mama wa babu yake walikuwa wanaitwaje, na ndugu zao, taratibu maana naandika.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "We mtoto, unaumwa?"